Bi Herufi na Baiskeli Zisizo na Jina

Saa mbili na nusu asubuhi, pikapu ya karakana imeshatoa pua nje ya geti, na nyuma yake zimesimama baiskeli tisa nyeusi, mpya, zimefungwa kwa kamba moja ndefu.

"Polepole! Hebu simama, kamba ya huku imelegea!"

Anayepaza sauti ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, aproni yake imejaa madoa ya miaka mingi hata rangi yenyewe ya kitambaa haijulikani tena. Polepole ni dereva. Jina hilo alibandikwa na wenzake siku ya kwanza kazini, alipoingia getini kwa kishindo na kulivunja pipa la maji.

"Kamba hii nimeifunga mwenyewe, Bi Herufi," dereva anajibu, kichwa nje ya dirisha.

"Ndiyo maana nakwambia usimame."

Mafundi wawili wanaojaza upepo kwenye matairi wanacheka. Bi Herufi hacheki. Anafunga upya, fundo juu ya fundo, halafu anapitisha kiganja kwenye bomba la fremu ya baiskeli ya mwisho, kuanzia kwenye shingo ya usukani kushuka hadi penye pedali. Hapo ndipo jina la baiskeli hukaa. Leo hapana kitu, ni weusi mtupu unaong'aa.

"Haya, nenda. Ukimkabidhi mtu, usimwambie neno. Usiseme hata kwamba ni nzuri. Mkabidhi, uondoke zako."

Pikapu inakata kona. Yeye anabaki ameshika nguzo ya geti, kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.

Karakanani hapa baiskeli za namna hiyo huitwa vichanga. Kila toleo jipya hutoka kwanza bila jina na kukaa siku thelathini kwa watu wanaopanda baiskeli kwa kazi, si kwa matembezi. Siku zikitimia, wapandaji wanaitwa, wanakaa kwenye benchi moja, na Bi Herufi anawasikiliza. Jina hutoka vinywani mwao. Akishalipata, yeye huliandika kwa brashi, kwa mkono wake, kwenye kila baiskeli inayouzwa.

Safari hii mambo ni magumu. Meneja ameshasema kwamba vichanga vikirudi bila jina la maana, toleo jipya litaitwa Salama. Na Salama ni neno ambalo Bi Herufi aliapa, miaka kumi na minne iliyopita, kwamba mkono wake hautaliandika tena juu ya baiskeli yoyote. Asipoliandika, hana kazi.

"Siku thelathini," anasema, akirudi kwenye kiti chake. "Nimebakiwa na siku thelathini za kuwa mtu."

Kiti chake ni ndoo ya rangi iliyogeuzwa, juu yake pana kipande cha godoro. Amekikalia kwa miaka ishirini na saba. Mbele yake fremu zinaning'inia kwenye ndoano, moja moja, naye anaandika upande wa kulia, anaigeuza, anaandika wa kushoto. Ni baiskeli kumi na mbili kwa siku. Ukizipigia hesabu zote, zinakaribia laki moja. Ujira wa baiskeli moja haununui mkate. Lazima aandike tatu ndipo asubuhi ya nyumbani kwake iwe na mkate na maziwa.

Hakuajiriwa kama mwandishi. Aliingia kufagia. Shule aliiacha darasa la tano, baba yake alipougua, na mpaka leo anaweza kukuandikia neno la Kiingereza lisilo na kosa bila kujua linasema nini. Mwandishi aliyekuwapo alipoanza kutoona vizuri, mwenye karakana, mzee ambaye sasa ni marehemu, alimkuta mfagiaji akiandika kwa chaki bei za spea ukutani. Akasimama, akatazama, akauliza, "Mkono huu unafagia kwa nini?"

Kuandika lilikuwa jambo moja. Kutunga lilikuwa lingine. Majina yalitungwa ofisini, kwenye meza, na yalikuwa majina ya kujisifu.

"Walianza na Simba," anakumbuka. "Sasa mtu anaisukuma mlimani, jasho linamchuruzika, watoto wa shule wanapita wanamuuliza, 'Mzee, simba amekubeba au umembeba?' Zilirudishwa kumi kwa wiki moja. Watu walikuwa wanaona haya, baiskeli yenyewe haikuwa na ubaya."

Ikaja Malkia. Wanaume walikataa kutamka mbele za watu kwamba wanampanda Malkia, na wake zao walikataa zaidi. Ikaja Umeme. Mnyororo ukikatika barabarani, wapita njia wanasimama kutoa pole za kukatika kwa umeme.

Anachovya brashi, anaikamua ukingoni mwa kopo, anavuta mguu wa herufi kwa pumzi moja. Akiwa kwenye mstari haongei, na mafundi wote wanajua kwamba hapo hasalimiwi mtu.

"Jina la baiskeli uweze kulitukana," anasema mstari ukiisha. "Utaishi na kitu hiki miaka. Iko siku kitakutoa machozi kwenye mvua, na siku hiyo utasema maneno. Kama jina ni la majivuno, tusi linakurudia wewe uliyelinunua. Lakini ukisema, 'Jirani huyu ameniweza leo,' unatukana, unacheka, unafunga mnyororo, unaondoka."

Jirani ndilo toleo linaloning'inia mbele yake sasa. Limeuzwa miaka kumi na minne na halijachusha.

"Tena liweze kutamkwa kwenye nyumba yenye msiba."

Hapo anatia brashi kwenye kopo la tina, dawa ya kuyeyushia rangi, na kuiacha humo. Inabidi kungoja. Fundi mmoja anagonga rimu kwa nyundo ya mpira, anatazama upande huu, anaacha kugonga.

Salama alilitunga yeye. Lilikuwa jina lake la kwanza, baada ya mzee kuchoshwa na Simba na Malkia na kumwambia ajaribu. Aliwaza siku mbili. Herufi sita, fupi, halimshindi mtu yeyote kulitamka, hata babu asiye na meno. Akina mama walilipenda kwa ajili ya waume zao. Toleo lile liliuzwa kuliko yote yaliyolitangulia, na mzee alimnunulia Bi Herufi viatu.

"Nililipenda jina lile kama mtoto," anasema. "Nikilikuta njiani, nasimama kulitazama linavyopita."

Mwaka wa tatu, mchana mmoja, mwanamke alifika getini akisukuma baiskeli ambayo gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja kama kipande cha bati. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi, akiiinua mbele na kuiburura. Aliuliza swali moja tu: "Nani anaandika hapa?"

Mume wake alikuwa akisambaza mikate. Barabara ilikuwa na maji, kwenye mteremko, na lori lilihamia upande wake. Fundi mkuu aliikagua baiskeli mara mbili siku ile, breki, vishikizo, uma wa mbele, na hakuona kasoro.

"Sikumwona akilia," anasema Bi Herufi. "Aliniambia, 'Dada, nifutie hili jina. Kila nikifungua mlango linanitazama. Na mtu akija kutaka kuinunua, anasoma, halafu ananyamaza. Kule kunyamaza ndiko kunakoniua.'"

Alilifuta kwa wembe, kisha msasa. Kazi ilichukua mchana wote kwa sababu jua lilikuwa limeipausha fremu kuzunguka herufi, na hata rangi ilipokwisha kutoka, neno lilibaki likisomeka kama kivuli. Akapaka bomba zima upya, mara mbili. Mafundi walinyoosha gurudumu bila kuambiwa na mtu. Alipomuuliza aandike nini mahali pale, mwanamke alijibu, "Usiandike kitu," akaisukuma, akaenda zake.

Siku hiyohiyo Bi Herufi aliingia ofisini na aproni yake, kitu ambacho kilikuwa kimekatazwa.

"Nikasema, 'Mzee, neno lile mkono huu hauliandiki tena. Nimemwahidi yule mama.' Hakubisha. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, 'Basi tafuta lingine. Safari hii usilitafute kichwani mwako.'"

Hivyo ndivyo vichanga vilivyoanza. Kwanza zilitoka baiskeli nne, na wapandaji wake wanne walirudi na neno Jirani, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemwazimisha mtu wa nyumba ya pili.

Mzee alifariki miaka sita iliyopita. Sasa anayeketi ofisini kama meneja ni mwanawe, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi, aliyejifunza kupanda baiskeli Bi Herufi akimshikia tandiko. Bado anamwita mama. Ndiyo maana mazungumzo yao, wiki ile kabla ya pikapu kuondoka, yaliwauma wote wawili. Yalifanyika mlangoni pa ofisi na kila fundi aliyasikia.

"Mama, wauzaji wa jumla wanaiulizia Salama mpaka leo. Jina linaloulizwa miaka kumi na minne halijafa."

"Majina hayafi, mwanangu. Wanaokufa ni watu."

"Watu wanakufa hata kwenye Jirani. Juzijuzi tu amegongwa mmoja pale mzunguko wa barabara."

"Najua. Nilikwenda kuwapa pole. Walisema Jirani imebaki, wakaniuliza nani anaweza kuinunua. Waliweza kulitamka. Umenielewa?"

Meneja alijikuna kidevu. "Kuna mashine ya stika," alisema taratibu. "Sitaki tufike huko, mama. Lakini ipo."

Nyumbani Bi Herufi anaishi na mdogo wake, muuza nguo za mitumba, mtu ambaye maneno hayamkai kinywani. Wana vyumba viwili na kibaraza. Kwenye kibaraza mdogo mtu anakunja mashati, mkubwa mtu anasugua kucha kwa mafuta ya taa kutoa rangi, na wanagombana bila kutazamana.

"Dada, wewe umeolewa na hilo neno," mdogo wake alimwambia jioni ya siku vichanga vilipoondoka. "Mume wako mwenyewe hukumshika hivyo."

"Niliahidi."

"Uliahidi! Mwanamke mwenyewe keshaolewa huko, ana wajukuu, hata sura yako haijui. Wewe umekaa hapa unamlindia ahadi kama mlinzi wa benki iliyofilisika."

"Cheka tu."

"Sicheki. Mtafute, umuulize. Akikufungua, andika tule. Asipokufungua, angalau tutajua njaa yetu imetoka wapi."

Alikwenda siku ya ishirini. Kwenye kiwanda cha mikate palikuwa bado na mzee mmoja wa tanuri aliyemkumbuka marehemu, naye akamwelekeza mtaa, na mtaani mtu wa duka la kona akamwonyesha mlango. Ndani palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, vipande vya kitambaa vimejaa sakafuni. Ukutani, imeegemezwa, ilikuwepo baiskeli nyeusi yenye bomba lisiloandikwa kitu, na juu ya keria furushi la sare za shule tayari kupelekwa.

Mshonaji aliinua macho. Alikuwa amenenepa kidogo, ana miwani. Alitazama mikono ya mgeni kabla ya uso.

"Wewe ndiye wa wembe," alisema. "Karibu, dada."

Hakuwa ameolewa tena, na baiskeli hakuiuza. Alijifunza kuipanda akiwa na miaka thelathini na minane, kwenye uwanja wa shule, siku za mapumziko, watoto wake wakimshikilia nyuma na kumcheka. Hayo Bi Herufi aliyasikia kwanza, maana hakuweza kuanza na lililomleta. Hatimaye alilitoa lote kwa mkupuo: meneja, wauzaji, siku kumi zilizobaki, ahadi.

Mshonaji aliacha sindano hewani.

"Ahadi gani?"

"Kwamba sitaliandika tena."

"Dada, mimi sikukuomba hivyo. Nilikuomba ufute la kwangu tu."

Bi Herufi anasema alikaa kwenye kigoda akisikia cherehani ya pili, ya msaidizi, ikienda, trrr, trrr. Alikuwa amemkatalia meneja, amegombana na mdogo wake, amebeba mzigo miaka kumi na minne, na mwenye mzigo anasema si wake.

"Nilitaka kuondoka. Nilisema moyoni, basi, nimefunguliwa, nikaandike nile. Nikasimama. Ndipo akanishika mkono."

Maneno ya mshonaji anayakumbuka moja moja, na anayasema bila kuyapamba.

"Waandikie wanaotaka," alisema yule mama. "Lakini ukiniuliza mimi, jina lile si zuri. Na si kwa sababu alikufa. Sikiliza. Alisambaza mikate miaka miwili kwenye baiskeli ile. Alikuwa anaamka, anakagua breki, anazibana mwenyewe. Mvua ikinyesha anashuka, anatembea kwa miguu mteremko mzima. Kila siku alirudi mzima, na kila siku sisi hapa tulisema, 'Salama imefika.' Majirani walisema, 'Salama ile ni nzuri, haijamwangusha.' Sifa zake zote tuliipa baiskeli. Siku moja tu hakurudi, na siku hiyo ndiyo watu walisema, 'Sijui aliendeshaje.'"

Alichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Jina lilimnyang'anya. Mimi nilitaka lifutwe kwa sababu hiyo, ila siku zile sikuwa na maneno ya kuisema."

Bi Herufi alirudi kwa miguu. Mdogo wake alipomuuliza amefunguliwa au hakufunguliwa, alijibu, "Nimefunguliwa," na hakula.

Siku ya thelathini na moja Polepole alivirudisha vichanga, na wapandaji wakafuata kwa miguu na kwa basi. Watu tisa walikaa kwenye benchi kwenye ua wa karakana: muuza maziwa, mama wa mboga, muuguzi wa zahanati, fundi bomba, mwalimu, msambaza magazeti, wawili wa kubeba maji, na mzee mmoja wa kunoa visu. Meneja aliweka kiti pembeni, miguu juu ya miguu, simu mkononi.

Bi Herufi hakuwauliza jina. Hajawahi. Anasema ukimuuliza mtu jina, mtu huyo anavaa tai ya ofisi kichwani na kukuletea Simba. Humuuliza kila mmoja swali lilelile: siku iliyokuwa mbaya kuliko zote na baiskeli hii, ilikuwaje, na ulisema nini kwa mdomo wako.

Muuza maziwa alisema tairi lilipasuka, naye akasema matusi ambayo hawezi kuyarudia mbele ya mwalimu.

"Rudia," alisema mwalimu. "Mimi nafundisha darasa la saba, nimeyasikia yote."

Benchi zima likaangua kicheko, hata meneja.

Mama wa mboga alisema keria ililemewa sokoni, viazi vikamwagika, akaiambia, "We nawe, mwenzangu, si ungesema mapema?" Mzee wa visu alisema yeye haongei na chuma. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba, kweli, siku ya kilima kile kirefu aliiambia, "Tupumzike, mwenzangu, hakuna anayetufukuza."

Muuguzi ndiye aliyekuwa na siku mbaya hasa. Alikuwa amebeba sanduku la dawa, anakwenda kwa mama aliyejifungua, na kijito kilikuwa kimejaa. Akaingia nayo, maji yakamfika kiunoni.

"Nilikuwa naogopa, sitawadanganya. Nikaiambia, 'Haya mwenzangu, mimi nashika huku, wewe shika sanduku.' Tukavuka." Akacheka kwa haya. "Mtu angenisikia angesema nimerukwa na akili."

Kalamu ya Bi Herufi ilikuwa imesimama. Wote tisa walipomaliza kusimulia, watano walikuwa wamelitamka neno hilohilo, na hakuna aliyejua kwamba amelitamka.

"Mwenzangu," alisema.

Herufi ni tisa. Kwenye fremu za zamani lisingeenea. Fremu ya toleo hili, kwa sababu ya mizigo, ni ndefu zaidi kwa karibu shubiri. Alilipima kwa macho, akamtuma Polepole hadi getini alitamke kwa nguvu. Lilifika. Alimwambia muuza maziwa alitukane. Alilitukana vizuri sana.

Kisha akasimama katikati ya ua, akashika usukani wa kichanga kimojawapo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba ametutoka. Mwenzangu hii imebaki. Tuifanyeje?"

Hakuna aliyecheka. Mama wa mboga aliinama akatazama mikono yake.

Meneja aliweka simu mfukoni. "Na Salama ina ubaya gani, mama? Nieleze. Usiniambie habari ya ahadi."

"Ahadi haipo tena," alisema Bi Herufi. "Nimekwenda, nimeulizia, nimefunguliwa. Ukiniambia niandike kesho, naweza kuandika, hakuna wa kunishika mkono. Lakini nisikilize." Akamwonyesha muuguzi. "Huyu binti alivuka maji na sanduku la dawa. Baiskeli ingekuwa Salama, ungesema nani kamvusha?"

Meneja alimgeukia muuguzi, akamtazama.

"Ungesema Salama. Yeye angekuwa mzigo tu juu yake. Lakini sasa anasema yeye alishika huku, mwenzake akashika kule. Anajua alichofanya. Baiskeli isipewe jina linalochukua kazi ya mtu, mwanangu. Akirudi mzima, ni yeye karudi."

Mzee wa visu alisema, "Hapo umenena."

Meneja alinyanyuka, akaizunguka baiskeli mara moja, akapitisha kiganja kwenye bomba, vilevile anavyofanya yule aliyemshikia tandiko utotoni. "Liandike hii moja nilione," alisema.

Bi Herufi aliliandika palepale, rangi ya maziwa juu ya weusi, watu tisa wakiwa wamemzunguka na kuziba mwanga hadi akawafukuza. Ilipokauka, meneja aliipanda mwenyewe, akazunguka ua na tai yake, akashuka.

"Basi," alisema. "Ni hilo."

Hayo yalikuwa miezi minane iliyopita.

Mwenzangu imeuzwa kuliko toleo lolote ambalo karakana hii imewahi kutoa. Mwezi wa kwanza ziliagizwa mia tatu, na mkono wa Bi Herufi ulizimudu kwa shida. Mwezi wa tatu ziliagizwa mia saba. Alijaribu. Alianza kuja kabla ya geti kufunguliwa, na kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kukataa kukunjuka. Mwezi wa nne meneja alinunua mashine ya stika. Alimwita Bi Herufi ofisini, akamwambia akiwa amesimama kwamba kazi ya brashi imekwisha, na alilia yeye, si Bi Herufi. Stika zilitengenezwa kwa kupiga picha mwandiko wake kwenye ile baiskeli ya kwanza, kwa hiyo kila Mwenzangu inayotoka ina mkono wake, ila mkono wenyewe haupo.

Alilipwa kiinua mgongo cha ujira wa miezi kumi na minne. Mdogo wake alinunua marobota mawili ya mashati na banda sokoni, na mambo yake si mabaya. Gumba halijapona.

Meneja ameagiza fremu nyingine, ya wanawake, na amesema itatoka kama kichanga kabla ya kupewa jina. Hajasema nani atakayewasikiliza wapandaji. Polepole ameacha kazi na anaendesha basi la shule. Wapandaji tisa waliachiwa vichanga vyao. Muuguzi amehamishiwa zahanati yenye gari, na chake amemwachia aliyemrithi kazi. Mzee wa visu amefariki, kwa maradhi, nyumbani kwake. Mjane wake anaikodisha Mwenzangu kwa kijana wa maji, kwa siku.

Mshonaji wa sare ana cherehani tatu sasa. Alipelekewa salamu na jina jipya, akasema ni zuri, ila hana nafasi ya baiskeli ya pili.

Bi Herufi ameombwa na chuo cha ufundi cha karibu kufundisha vijana kuandika herufi kwa brashi, siku moja kwa wiki. Ujira si mkubwa, unatosha mkate na maziwa. Anataka akipata wanafunzi wawili wenye mkono uliotulia, akodi chumba cha mbele cha jirani, wafungue kazi ya mabango na milango ya maduka, kwa jina ambalo hajalipata na hana haraka nalo. Chuo kilimuuliza angependa siku gani. Alisema Jumatatu, kwa sababu ndiyo siku aliyozoea kuianzia wiki karakanani, na bado hajajua aifanyie nini.